Chumvi Haina Tarehe

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Jina la mwathiriwa, mtaa, nambari ya simu. Aina ya maafa, na mbele yake visanduku vya kutia alama: mafuriko, moto, ukame, upepo mkali. Chini yake mstari mtupu wenye maneno "tarehe ya tukio". Nilikuwa nimekwenda kwenye ofisi ya misaada ya maafa kwa niaba ya bibi yangu, ambaye kisima cha nyumba yake ya Langoni, hapa mjini Lamu, kimegeuka chumvi. Nikaishika kalamu, nikaisimamisha juu ya ule mstari, ikabaki palepale.

"Andika hata mwezi tu, dada," kijana wa mezani akaniambia kwa upole. "Ukiacha wazi haitaingia kwenye mfumo."

Sikuandika. Niliikunja fomu, nikarudi nayo nyumbani, nikamuuliza mwenye kisima.

Bibi alinyamaza kwa muda. Akasema zamani, kabla mamangu hajaolewa, maji yale yalikuwa ya kunywa na ya chai. Ukafika wakati chai ikipikwa kwa maji yale, maziwa yanakatika. Basi ya chai yakawa yanaletwa na punda, ya kisimani yakabaki ya kupikia wali, na wali wenyewe ukawa hautaki tena kutiwa chumvi. Kisha yakawa ya kufulia. Kisha sabuni ikakataa kutoa povu. Leo ni ya kuoshea ua na ya chooni, na ile ndoo ya bati aliyokuwa akichotea imeliwa na kutu hadi ikatoboka.

"Tarehe hakuna, mwanangu," akasema. "Hakuna siku niliyoamka nikayakuta yamegeuka. Kila siku niliamka nikayakuta ni maji."

Mwulize bibi huyohuyo kuhusu mvua za El Niño za 1997. Atakuonyesha kwa kidole pembe ya dari iliyovuja kwanza, atakutajia jirani aliyeangukiwa na ukuta na siku yenyewe kuwa ilikuwa Alhamisi baada ya Isha. Mwulize kuhusu tsunami ya Desemba 26, 2004, atakwambia alikuwa anachambua mchele. (Tsunami, nalisema hili kwa sababu kila mkutano wa tabianchi ninaohudhuria hapa kuna mtu husimama nayo, haikutokana na joto la dunia. Lilikuwa tetemeko la ardhi chini ya bahari karibu na Sumatra. Bahari ikitutisha, si kila mara ni kwa sababu ileile.) Kishindo hukaa kichwani na saa yake. Chumvi haikai hivyo, na tangu siku ya fomu nimekuwa nikijiuliza ni vitu vingapi tunavyopoteza pwani hii kwa sababu havikuja na saa.

Nami pia nina kishindo changu. Novemba 2023 nilikuwa narudi Lamu kutoka Mombasa. Tulifika Garsen jioni tukaambiwa mbele, upande wa Gamba, hakupitiki, Mto Tana umevunja kingo. Kulipokucha tulikwenda kutazama. Lami ilikuwa inaingia majini taratibu kama gati linavyoingia baharini, kisha haipo. Malori yalijipanga nyuma yetu, yamebeba nyanya, vitunguu, mitungi ya gesi, ndizi zilizokuwa zinageuka nyeusi kila saa. Mama mmoja aliyekuwa anampeleka mtoto kwa daktari alikaa kwenye kivuli cha tairi la lori akimpepea mwanawe kwa khanga, na kila aliyepita alimuuliza hali ya mtoto, kana kwamba sote tulikuwa nyumba moja. Siku ya tatu tulivushwa kwa boti. Nilipofika mjini, kila duka lilikuwa na habari zetu, na nyanya zilikuwa zinauzwa moja moja.

Siku zile tatu ziliandikwa, zikapigwa picha, zikatangazwa redioni asubuhi na jioni. Misaada ilifika, ingawa si kwa wote. Na zilipimwa. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kukadiria ni kiasi gani cha tukio fulani kimetokana na joto lililoletwa na binadamu, walisema mvua za vuli ile huenda ziliongezwa nguvu hadi mara mbili. Mwaka ule upande wetu wa Bahari Hindi ulikuwa umepata joto kupita kawaida yake kuliko upande wa Indonesia, hali ambayo wataalamu huiita dipoli ya Bahari Hindi, nayo ilichangia sehemu yake. Miezi michache kabla, Aprili 2023, kundi hilohilo lilisema ukame uliotangulia, ule wa misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana tangu mwishoni mwa 2020, uliongezewa uwezekano wa kutokea takriban mara 100, hasa kwa sababu joto lilikuwa linainyonya ardhi unyevu hata pale mvua kidogo iliponyesha. Kisha masika ya 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, yakapimwa: nguvu ya mvua iliongezeka kwa takriban asilimia 5 tu. Sehemu kubwa ya maafa yale ilitokana na watu kuishi mabondeni na mitaro kutokuwepo.

Nazipenda namba hizi kwa sababu ni za ukweli usiopendelea. Mara 100, mara mbili, asilimia 5. Si kila mafuriko yana deni sawa kwa moshi wa viwanda. Lakini ukizitazama tena utaona kila hesabu inaanza na swali lile la fomu: lini hadi lini? Ili upime tukio lazima liwe na mwanzo na mwisho. Kisima cha bibi hakiingii kwenye hesabu ya namna hiyo.

Bahari nayo haiingii. Wastani wa dunia, kati ya 2006 na 2018, usawa wa bahari ulipanda milimita 3.7 kwa mwaka. Huo ni unene wa punje moja ya mtama. Chukua punje moja, uiweke kwenye ngazi ya gati letu, urudi mwakani uongeze nyingine. Hakuna atakayekimbia. Miaka 20 baadaye ni zaidi ya sentimita saba, upana wa kiganja, na bado hakuna anayekimbia, mpaka lije bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wageni huona maji ya Lamu yakijaa na kupwa wakadhani ni yaleyale kila siku. Sisi tunajua kuna maji mafu na kuna bamvua, na kwamba bamvua la Machi na la Septemba ndilo kubwa kuliko yote. Siku ya bamvua kubwa lenye upepo wa kusi nyuma yake, kile kiganja kinapanda juu ya kila kitu kingine, na maji yanaingia barabara ya ufuoni, yanalowesha magunia yaliyoshushwa, punda wanasimama na kwato ndani ya maji ya chumvi. Hapo tunasema bamvua la leo lilikuwa kali. Tunaipa siku moja kazi iliyofanywa na miaka 100.

Chini ya ardhi ndiko mambo yalikoharibika zaidi, na ndiko tusikoona. Maji ya mji wa Lamu yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kijiji jirani. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza, na maji matamu yanashuka mpaka yanakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pande zote za kisiwa. Hayachanganyiki upesi. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo yanaelea juu ya yale ya chumvi kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi. Na kuna kanuni hapo ambayo nilipoielewa nilikosa usingizi: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ni neema kubwa, mpaka uisome kinyume. Ukishusha maji ya kisimani kwa nusu mita tu, umepoteza mita 20 kutoka chini, na chumvi ndiyo inayopanda kuchukua nafasi.

Nini hushusha ile nusu mita? Ukame hushusha, kwa kuwa mchanga haukupata mvua ya kumeza. Bahari inayopanda husukuma kutoka kando. Na sisi wenyewe tunashusha. Lazima niseme hivi waziwazi, kwa kuwa si haki kuutwika moshi wa watu wengine kila kitu. Mji umekua. Majumba yamepandishwa karibu na vile vilima ambavyo vinastahili kuachwa kama vilivyo, pampu zinavuta mchana na usiku, na visima vya mitaani kama cha bibi vimezungukwa na vyoo vya shimo. Ningeambiwa nigawe lawama ya kile kisima, hii kwa joto, hii kwa pampu, hii kwa bahari, nisingeweza.

Ninachoweza kusema ni namna vinavyoshikana. Bibi anakumbuka kuwa chumvi ilikuwa ikipanda kiangazi na kushuka masika, na kwa miaka mingi ilikuwa ikishuka karibu yote. Misimu ile mitano ya ukame ilipopita, vuli ya 2023 ikanyesha mpaka barabara ikakatika, sote tulitarajia kisima kipone. Hakikupona. Kwa hiyo mimi siuoni tena ukame kuwa jambo moja na chumvi kuwa jingine. Kile kishindo ndicho kilichomalizia kazi ya kimyakimya, na ile kazi ya kimyakimya ndiyo iliyofanya kishindo kiwe na pa kubomoa.

Kule kisiwani Pate watu wana jabia, yale matangi makubwa ya kukinga mvua, na tangu zamani ndiyo yaliyowabeba watu wa Kizingitini na Faza. Jabia halijui chumvi ya chini, ila linajua ukame. Visiwani tulikuwa na kamba mbili za kushikilia, kisima na jabia; ukame ukikata moja, nyingine ilikuwa inashika.

Nilipokuwa shule tulipelekwa Takwa, ng'ambo, kisiwani Manda. Mashua huingia kwa mlango wa mikoko maji yakiwa yamejaa, na ukichelewa kutoka maji yakapwa utalala huko. Ni magofu, msikiti, makaburi, kuta za matumbawe chini ya mibuyu. Mji ule uliishi kuanzia karne ya 15 mpaka karne ya 17, kisha watu wakauacha. Inasimuliwa kwamba visima viliingiwa na chumvi, na watu wakavuka wakaja kukaa Shela. Mwalimu alitwambia hivyo, tukacheka tukaenda kula maandazi. Sikuelewa kuwa nilikuwa nimeonyeshwa jinsi mji unavyokufa. Takwa haikuvunjwa na dhoruba. Hakuna hadithi ya usiku mmoja wa kutisha. Nadhani kulikuwa na kina mama waliosema maziwa yanakatika, kisha wakasema sabuni haitoi povu, au chochote walichooshea siku hizo, kisha familia moja ikahama, kisha ya pili. Wakati ule hakukuwa na mtambo wowote duniani wa kupasha hewa joto, na chumvi bado iliweza. Sasa imeongezewa nguvu. Wazee wa Shela mpaka leo huenda Takwa kuomba mvua, na nikifikiria kwamba wanaoomba ni kizazi cha waliokimbia visima vile, mwili unanisisimka.

Vivyo hivyo delta ya Tana. Ukienda Kipini na Ozi utakuta wakulima wa mpunga ambao mashamba yao yameingiwa na maji ya bahari. Mto umepunguziwa maji na mabwawa ya juu na ukame, kwa hiyo hauna tena nguvu ya kuisukuma bahari irudi nyuma, na bahari inaingia. Watu hawahawa mto ukifurika huhamishwa kwa boti na hupigwa picha. Mto ukikosa maji, shamba likafa kwa chumvi, huhama wenyewe kwa miguu.

Ami yangu ni mvuvi, na yeye hakubaliani nami kuhusu huu mgawanyo wa kishindo na kimya. Anasema baharini hakuna mgawanyo. Mwanzoni mwa 1998, El Niño ileile ya 1997 ikiwa bado inaendelea, alipiga mbizi akakuta mwamba aliouzoea mweupe pe, kama umepakwa chokaa. Maji yalikuwa yamepata joto kupita desturi kwa wiki nyingi, na matumbawe yakipata joto namna hiyo huvitoa vijimea vinavyoyapa rangi na chakula. Yasipovirudisha kwa wakati, hufa. Matumbawe mengi ya pwani yetu, Kiunga mpaka Malindi na kwingineko, yalikufa mwaka ule. Hilo lilikuwa tukio, lina mwaka, lina miezi. Lakini hasara yake ami ameihesabu kwa miaka 20 iliyofuata: changu wakapungua, mawimbi yakawa yanafika ufuoni na nguvu zaidi kwa kuwa mwamba uliokufa humomonyoka. Aprili 2024 ilitangazwa kuwa dunia imo tena katika kupauka kwa matumbawe katika bahari zote kuu, mara ya nne kurekodiwa. Ami hakushangaa. Alishaona.

Ana hoja. Dhoruba, ukame na joto la bahari ni vilele tu vya jambo ambalo linapanda muda wote. Hata hivyo mimi nang'ang'ania tofauti, na sababu yangu ni ile fomu.

Wakubwa wa dunia wanaijua tofauti hiyo. Mwaka 2010, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Cancun, Mexico, nchi zilikubaliana kwa maandishi kuwa yako madhara yanayokuja polepole: bahari kupanda, joto kuongezeka, bahari kuwa na asidi, barafu za milimani kuyeyuka, chumvi kuingia ardhini na majini, ardhi na misitu kuharibika, viumbe kupotea, jangwa kuenea. Chumvi imo. Nilipoisoma orodha ile nilimwita bibi jikoni nikamsomea, nikamwambia kisima chako kimeandikwa. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh wakakubali kuanzisha hazina ya hasara na uharibifu, ya kuzisaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, na mwaka uliofuata, Dubai, ikazinduliwa. Lakini maneno yale yakisafiri kutoka Dubai hadi meza ya ofisi yenye fomu, yanapotea njiani. Yanayofika ni visanduku vinne na mstari wa tarehe.

Najua kuna jibu la haki. Mtoto anayezama leo hawezi kusubiri mazungumzo ya chumvi. Mimi niliyekaa kwenye kivuli cha lori na yule mama sitalipinga hilo kamwe. Boti kwanza. Lakini chumvi nayo ina miili. Bangladesh, ambako watu wa pwani wameinywa kwa muda mrefu, watafiti wameihusisha na presha kwa wajawazito. Hapa kwetu presha imejaa kila nyumba, na tunasema ni mawazo, ni umri, ni mafuta. Bibi ana presha. Alikunywa maji yale miaka mingi yakiwa tayari yameanza kukataa maziwa.

Kwa hiyo nimenunua daftari. Kila bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, nashusha kamba yenye mafundo kisimani, nahesabu pima na shibiri kutoka ukingoni hadi usoni mwa maji. Nachota kata moja, nasugua sabuni ileile, naandika kama imetoa povu na limekaa kwa muda gani. Naandika mvua ilinyesha lini mara ya mwisho na upepo ni upi. Babu yangu alihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua wa Waswahili, kumi kumi, akijua kumi ipi ni ya kupanda na ipi ni ya kufunga tanga. Bibi ameniomba nami niandike siku ya Nairuzi pembeni, na ninaandika.

Juzi niliirudisha fomu. Kwenye visanduku niliongeza cha tano kwa mkono, nikakiandika "chumvi", nikatia alama. Kwenye mstari wa tarehe niliandika "tazama kurasa zilizoambatishwa", nikapachika nakala za daftari, miezi minane.

Kijana wa mezani alizisoma zote, ukurasa kwa ukurasa, watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yangu. Alipofika mwisho akarudi kwenye ule wa kwanza. Nilidhani atasema mfumo hautakubali.

"Kwetu ni Matondoni," akasema kwa sauti ndogo. "Hiyo kamba yenye mafundo, mnaipima vipi?"